Walisema Ni Hewa

Mume wangu alikuwa mtu wa kuazimwa. Machimboni, upande wa Bugarama tulikokuwa tunaishi, watu wa maduara mengine walikuja kumwomba kwa asubuhi moja kama unavyoomba kinu kwa jirani. Duara, kwa asiyejua kazi hii, ni shimo la mchimbaji mdogo: linashuka wima kama kisima, na likifika kwenye mwamba linaingia pembeni kuufuata. Kabla watu hawajaanza kupasua mawe, mmoja hutangulia na nyundo. Anagonga dari, anagonga ukuta, anasikiliza. Mwamba ulioshikamana hujibu kwa sauti kavu. Ulioachia hulia kama debe tupu. Kila mchimbaji anaijua tofauti hiyo, ila wengi wana haraka ya kupata mawe. Yeye hakuwa na haraka. Wenzake wangemtukana kutoka juu mpaka wachoke, na yeye bado anagonga. Akisema hapa msipite, hawakupita.

Nyumbani alikuwa hivyohivyo. Mimi nimezaliwa Ushirombo, kwenye familia ya Kikatoliki ambayo hata rozari ya jioni iliishia kwenye mabishano, na nimetoka na mdomo wa kwetu. Naweza kuanza kulalamika wakati wa kuosha masufuria nikamaliza tukiwa kitandani. Yeye, Msukuma wa Songwa, alikaa kimya akinisikiliza, na nilijua ananisikiliza kwa sababu alicheka panapochekesha na aliguna panapouma. Wenzangu waliniuliza nilimpendea nini mwanamume asiye na shamba wala ng'ombe hata mmoja. Niliwajibu kwamba ananisikia. Walicheka, wakadhani natania.

Nayasema haya mapema ili ijulikane ni kitu gani nilikaribia kukipoteza.

Masika ya mwaka ule sikio lake la kushoto lilianza kutoa usaha. Chini ya duara maji yalikuwa yanafika magotini, na watu walipandishwa juu wamelowa matope mpaka ndani ya masikio. Akaziba kwa pamba, akanunua dawa ya matone, akaendelea na kazi. Nilimpigia kelele aende zahanati. Akasema litakauka lenyewe. Kweli lilikauka, na kikabaki kichwa tu kumgonga upande ule mara mojamoja, naye akasema ni kukosa usingizi. Tukasahau. Hakuna kitu rahisi kusahau kama sikio lililoacha kunuka.

Mimi nilikuwa na kibanda cha chakula hatua chache kutoka kwenye winchi, ile roda ya kuzungushwa kwa mikono inayoshusha watu na kupandisha mawe. Mchana mmoja nilikuwa napakua maharage nikamwona anatolewa shimoni kabla zamu haijaisha. Alikaa chini palepale kwenye mdomo wa duara, akashika kichwa kwa mikono miwili. Nikamfuata na mwiko mkononi.

"Kichwa," akasema. "Kinapasuka."

Sikuwahi kumsikia akilalamika kichwa kwa sauti ile. Wenzake waliokuwa kwenye winchi hawakushtuka. Jana yake walilipua baruti, na feni ya kupeleka hewa chini ilikuwa imezimika kutwa kwa kukosa mafuta. Msimamizi wa duara, mtu mzima mwenye busara zake, aliyekuwa ananiita shemeji kwa kuwa mume wangu alimchukulia kama kaka, akamtazama mara moja tu.

"Hewa," akasema. "Amekula hewa mbaya. Mpelekeni kwenye upepo, mfungueni shati. Shemeji, tafuta maziwa."

Siwasemi vibaya. Asiyekaa machimboni anaweza kudhani ni ujinga, lakini hewa ya duara inaua kweli. Nimeona watu wawili wakitolewa wamekufa bila jeraha, nyuso zao kama za watu waliosinzia kanisani. Anayewahi kutolewa huumwa kichwa, hutapika, miguu humlegea, na wakati mwingine huongea ovyo kama mlevi. Tiba yao ni upepo, maziwa na usingizi, na wengi huamka kesho yake wakadai chai. Ndiyo maana mchana ule kila mtu aliijua kazi yake, na mimi nilikimbia kutafuta maziwa kwa wafugaji walioko ng'ambo ya korongo.

Aliyanywa akayatapika yote. Wakasema vizuri, hewa inatoka.

Tukamwingiza kwenye chumba chetu cha mabati. Akaniomba nizibe mlango. Nikaufunga, akasema bado. Mwanga ulikuwa unapita kwenye matundu ya misumari, vijistari vidogo tu, navyo vilimuumiza mpaka akageukia ukutani. Nikatundika vitenge vyangu viwili na blanketi. Mwenzake mmoja aliyekuja kumwangalia akaniambia nisihangaike, hayo ni macho ya duara. Ni kweli nayo ni kitu tunachokijua: mtu aliyeshinda gizani akitoka juani hufinya macho, hutoka machozi, hutukana jua. Lakini macho ya duara huisha ukimaliza kunawa uso. Yake yaliendelea mpaka jua lenyewe likazama.

Baadaye akasema shingo imemkamata. Nikaguna tu. Pale kila mwanamume ana shingo ya kiroba. Mawe hubebwa kwenye mifuko, mfuko unakaa kati ya bega na shingo, na jioni ukipita kwenye vyumba vyao utakuta wanachuana kwa mafuta ya kula. Nami nikachukua mafuta nikamchua. Alilia. Mwanamume aliyewahi kuangukiwa na jiwe mguuni akaja nyumbani anachechemea na kuuliza kama ugali umeiva, alilia kwa kuguswa shingo.

Alikuwa anachemka vilevile. Hilo nalo lilikuwa na jibu. Nani hana malaria pale kwetu, mashimo ya maji yamejaa kila upande? Wakaleta dawa mseto, tukamlazimisha kumeza, akatapika.

Ninapokumbuka sasa, hilo ndilo linaloniumiza: hakuna hata dalili moja iliyokuja na sura ngeni. Kichwa kilikuwa cha hewa, macho yalikuwa ya duara, shingo ilikuwa ya kiroba, joto lilikuwa la malaria. Ugonjwa ule ulikuja umevaa nguo za kazi, ukapita katikati yetu kama mmoja wa watu wa zamu, na sisi tukausalimia kwa jina.

Alfajiri alianza kuongea. Aliniambia niondoe viroba kitandani, vinamlalia miguu. Hapakuwa na kiroba. Nikamwambia, akanikemea. Akaniita mayu, kama anavyomwita mama yake, akaniuliza ng'ombe wamerudi, na kabla sijajibu akanikemea tena kwa maneno ambayo katika ndoa yetu yote hakuwahi kunitolea. Majirani wa vyumba vya mabati husikia kila kitu. Mmoja akasema kwa sauti kutoka upande wa pili:

"Leo shemeji umepata wa kukujibu!"

Wakacheka. Hata mimi nilitabasamu kidogo gizani. Kisha nikaogopa, kwa sababu nilimwita na hakujua ninamwita yeye.

Kulipokucha nilifungua kibanda. Nilikuwa na unga uliokwisha kuchekechwa, na watu wenye njaa wakinisubiri, na kwa kweli nilikuwa bado naamini ni hewa, kwamba atalala na hewa itaisha. Nikaacha dada wa kibanda cha jirani akae naye. Wakaja kunywa chai wale wawili waliokuwa naye chini, zamu moja, pembe moja, wanapokezana nyundo. Mmoja alikula chapati akaomba nyingine. Mwingine aliniambia supu ya leo ina chumvi kidogo.

Nikasimama na kijiko cha supu hewani.

"Jana mlikuwa naye muda wote?" nikawauliza.

"Muda wote."

"Yeye alikuwa chini zaidi yenu?"

"Hapana, mama lishe. Mimi ndiye nilikuwa chini kabisa, maji yananifika hapa."

"Kichwa kinakuuma?"

"Hakiniumi."

"Ulitapika?"

Akaniangalia kama ninamtania. "Nimekuomba chapati ya pili, halafu unaniuliza nimetapika?"

Hewa ya duara haimchagui mtu mmoja ikawaacha wawili waliobanana naye. Niliacha supu jikoni bila kuiepua, na niliambiwa baadaye kwamba watu walijihudumia wenyewe na mwishowe ikaungua.

Nilimkuta amelala chali, macho nusu wazi. Nikataka kumnywesha maji. Nikapitisha mkono nyuma ya kichwa nimwinue, na kichwa hakikukunjika. Mgongo wote ulikuja juu pamoja nacho, kama unainua ubao. Nimewahi kuwainua walevi, nimewainua watu waliochoka, nimewainua watoto waliolala. Wote shingo zao hulegea, kichwa kinaangukia mkono wako. Hiki kilikuwa kimekaza na mwenyewe hana habari.

Nikatoka nje nikiita bodaboda. Msimamizi akanizuia.

"Shemeji, hewa haipelekwi hospitali. Ukimtikisa barabarani utammaliza. Anatakiwa atulie."

"Atatulia kaburini!" nikamwambia. "Wenzake wanakula chapati. Hewa gani hiyo yenye upendeleo?"

Najua si lugha ya kumjibu mtu mzima. Akatazama mlango wetu, akatazama wale wawili na vikombe vyao. Kisha yeye mwenyewe akaingia ndani, akamwinua mume wangu kwa makwapa.

Tulimpakia mshikaki: dereva mbele, yeye katikati, mmoja wa wenzake nyuma akimkumbatia, na mimi kwenye pikipiki nyingine. Barabara ile ni ya mashimo na vumbi jekundu, na jua lilikuwa limeshatoka. Kila gurudumu lilipozama kwenye shimo alitoa sauti ambayo sitaki kuieleza. Macho hakuweza kuyafungua. Tukasimama, nikavua kitenge nilichojifunga juu ya gauni, nikamfunika kichwa na uso wote.

Hilo lilileta jambo. Watu waliokuwa wanakwenda sokoni walipotuona, mtu aliyekaa wima na uso umefunikwa, walisimama pembeni. Mzee mmoja alivua kofia. Wanawake waliotua ndoo walinyamaza. Walidhani tunasafirisha maiti. Mimi nilikuwa nyuma kidogo, na kila tulipopita kundi la watu nilipiga kelele: "Ni mzima! Ni mzima huyu!" Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Sikutaka mtu hata mmoja amwombolezee kabla ya wakati.

Zahanati ilikuwa na tabibu mwanamke, makamo yangu. Nilianza kumweleza habari za hewa, baruti, feni, naye akanisikiliza huku akifanya kazi. Alimtoboa kidole, kipimo cha malaria kikasema hana. Akaniuliza kama aliwahi kuumwa sikio, kichwa kuumia ajalini, au kifua. Nikasema sikio. Akanitazama tena. Kisha akaweka kiganja nyuma ya kichwa cha mume wangu, akakiinua taratibu kuelekea kifuani, na magoti yake yakapanda juu yenyewe. Hakuna aliyeyagusa. Alirudia, yakapanda tena.

"Mama, hii si hewa," akasema. "Nahofia ni homa ya uti wa mgongo."

Jina hilo nililijua kwenye redio. Nililijua kama ugonjwa wa wanafunzi wanaolala bwenini, ugonjwa wa watoto wadogo, ugonjwa wa kwingine. Sikujua kwamba unaweza kumjia mwanamume mzima mwenye kifua kama mlango. Tabibu hakungoja nielewe. Alimchoma sindano ya kwanza ya dawa palepale, akapiga simu, na gari la wagonjwa likaja kutuchukua kwenda hospitali kubwa. Njiani alipatwa na degedege. Nilizoea kuliona kwa watoto. Kuliona kwa mtu aliyenizidi urefu kichwa kizima, mwili wote ukitikisa kitanda cha gari, kulinifanya nisali kwa sauti sala zote ninazozijua, bila mpangilio.

Hospitali walimwekea dripu na dawa za mshipa. Daktari, kijana mwenye sauti ya upole, akasema wanahitaji kuchukua maji kidogo ya uti wa mgongo, wajue ni kidudu gani na dawa zipi zinakifaa. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu, alikuwa amefika kutoka Songwa na basi. Aliposikia maneno hayo akasimama.

"Hapana," akasema. "Maji ya mgongo hayaguswi. Nimewaona waliotolewa. Hakuna aliyetembea tena. Wengine walikufa siku ileile."

Sikumlaumu kwa hofu. Hata mimi niliyasikia hayo tangu utotoni. Daktari akamwambia kwa heshima: "Shikamoo mzee. Hao waliokufa uliowaona, walifika hapa wakiwa wagonjwa sana na wamechelewa. Kilichowaua ni ugonjwa walioingia nao mlangoni. Sindano yetu inaingia chini hapa kiunoni, mbali na pale unapopahofia."

Shemeji akaitikia marahaba, lakini hakusogea. Yeye ndiye mkubwa wa ukoo tangu baba yao afariki, na neno lake lina uzito. Tukabishana pale kwenye korido, mimi na yeye, mpaka nesi akatuomba tushushe sauti. Nilimwambia kama anaogopa kubeba lawama, anipe mimi. Akasema lawama haina shida, shida ni mdogo wake. Na macho yake yalikuwa yamejaa machozi, ndipo hasira ikaniisha nusu.

Akampigia simu mama yao. Akaongea Kisukuma kirefu, kisha akanipa simu. Mama mkwe ni mtu wa maneno machache.

"Ng'wanone," akaniita, mwanangu. "Anakutambua?"

"Hapana, mama."

"Umeongea naye?"

"Naongea naye tangu jana. Hanijibu."

Nikasikia kuku nyuma yake.

"Kama wewe hakutambui," akasema, "basi yuko mbali. Waache wamfuate."

Shemeji alichukua simu yake akaiweka mfukoni, akamwambia daktari aendelee.

Waliniruhusu kusimama mlangoni. Walimkunja ubavu, magoti kifuani, na nesi akamshikilia. Maji yalitoka tone kwa tone kwenye kichupa. Daktari alinionyesha baadaye, kwa sababu niliuliza. Yalipaswa kuwa maangavu kama maji ya kisima safi. Yalikuwa na ukungu, kama maji ya kwanza ya kuoshea mchele, na mimi nimeosha mchele mwingi maishani mwangu kiasi cha kuelewa bila kuambiwa zaidi.

Alinieleza tukiwa tumekaa kwenye benchi la wodi. Vidudu vilikuwa sikioni, usaha ulipokauka tukadhani vimekwisha, kumbe viliingia ndani, vikafika kwenye utando unaofunika ubongo. Akasema mtu mzima mwenye ugonjwa huu mara nyingi huja na mambo manne: homa, kichwa kinachouma kuliko alivyowahi kuumwa, shingo kukaza, na akili kuyumba. Kutapika na kuogopa mwanga hufuata humohumo. "Lakini si kila mtu huja na yote," akasema. "Mwingine ana mawili tu. Ukiyaona mawili, mama, usikae kusubiri la tatu na la nne." Nikamwambia sisi tuliyaona yote manne na tuliyapa majina yote. Alinishika bega, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Kukaa wodini nako ni kazi. Nilimfuta jasho, nilimgeuza, na muda wote niliongea. Nilimweleza habari za supu iliyoungua, za mzee aliyevua kofia, za kaka yake kulia koridoni. Nilimgombeza kwa ajili ya sikio. Nesi mmoja mkubwa, niliyemwamkia kila asubuhi, alikuwa ananitania: "Wewe mama, mgonjwa atakimbia wodi kwa maneno yako." Nikamwambia ndicho ninachotaka, aamke akimbie. Homa ilianza kushuka. Shingo ikaanza kulegea kidogo kidogo. Na asubuhi moja, nikiwa namchana nywele, alifungua macho akanitazama.

Alinitambua. Niliona. Nikamwita, nikamwambia umerudi, wabheja Mungu, asante Mungu, umerudi. Aliendelea kunitazama mdomoni, hakujibu. Nikamuuliza anajisikiaje. Hakujibu. Kaka yake akamwita kwa Kisukuma, jina la utotoni. Hakugeuka hata macho. Nilidhani mwili umerudi na akili imebaki kule alikokuwa. Nilimkamata nesi mkono, nikamwambia hanielewi, ameharibika kichwa. Tukawa tumesimama watatu juu ya kitanda tunabishana, na ndipo mume wangu alipofungua mdomo, akaongea kwa sauti kubwa iliyowageuza wagonjwa wote wa wodi.

"Mbona mnanong'ona?"

Hakuna aliyekuwa ananong'ona. Nesi aliinama nyuma ya kichwa chake, akapiga makofi, karibu na sikio la kushoto, kisha la kulia. Hakupepesa jicho.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Nililia mchana kweupe mbele ya watu wanaopita na vyombo vyao vya uji. Nilikuwa nalia kwa furaha, kwamba yu hai na akili zake anazo, na nilikuwa nalia kwa uchungu, na sikuweza kutenganisha kipi ni kipi. Daktari alikuwa ameniambia kwamba ugonjwa huu ukimwachia mtu uhai, wakati mwingine huondoka na masikio. Nilikuwa nimesikia, lakini sikuwa nimeyaweka moyoni.

Sikio la kushoto halikurudi kabisa. La kulia lilibakiwa na kidogo sana: mlango ukibamizwa anajua, radi ikipiga anajua. Miguu nayo ilikuwa inamyumbisha, hasa gizani, kwa sababu mambo ya kusimama wima nayo yako sikioni, sikuwa najua. Wenzake wa duara walikuja kumpa pole wakiwa na sukari na jogoo. Msimamizi alikaa kwenye kigoda, akampa pole ambayo haikusikika. Alipoondoka alichukua ile nyundo ndogo iliyokuwa imeegemea ukuta wetu, akaigeuzageuza, akairudisha palepale. Wote tulijua kwamba hatashuka tena.

Tulihamia Nkome, ziwani. Kuanika dagaa ni kazi ya macho na mikono: unawatandaza mchangani, unawageuza, unaangalia mawingu. Anaiweza. Mimi nina kibanda kingine, na wavuvi wanasema supu yangu ina chumvi nyingi. Siku moja msimamizi alinipigia simu kutoka kule machimboni. Akaniambia siku hizi mtu akipandishwa juu anashika kichwa, bado wanasema ni hewa, bado wanatafuta maziwa, lakini kwanza wanamwambia: inamisha kidevu kifuani. Mmoja alishindwa, wakampakia kwenye bodaboda bila kubishana. Nikamuuliza yuko wapi sasa. "Yuko hapa," akasema, "ananidai chai." Nilimweleza mume wangu habari hiyo kwa mikono na mdomo, nikairudia mpaka akaielewa yote. Akacheka, kwa sauti yake ile asiyoweza kuipima tena.

Amejifunza kusoma midomo. Yangu anaisoma kuliko ya wengine wote, na anasema ni kwa sababu haifungwi. Kwa hiyo sasa sisi huongea taa ikiwa inawaka, ile ya sola niliyoitundika juu ya meza, nikiwa nimemgeukia usoni. Mtu niliyemtundikia vitenge mlangoni ili mwanga usimguse, leo jua likizama hutafuta taa kabla ya chakula.

Juzi alisahau dagaa nje, mvua ikawanyeshea, mzigo mzima ukaharibika. Tulipomaliza kula nilianza. Nilianzia kwenye dagaa, nikarudi kwenye sikio, nikapita kwenye pamba na matone, nikamwambia kila kitu nilichokuwa nimekifungia tangu hospitali: kwamba nilimpigia kelele aende zahanati na hakunisikia, wakati alikuwa na masikio yote mawili hakunisikia. Alikuwa amenikazia macho mdomoni, hakupepesa. Mwisho, katikati ya sentensi, kwa hasira nikanyoosha mkono nikazima taa. Kwake yeye hiyo ni kufunga mlango. Nilikaa gizani nikijua kwamba nimemwacha peke yake, haoni na hasikii, na sikuweza hata kumwambia samahani.

Nikasikia kiti kikisogea. Mkono wake ukapapasa mezani mpaka ukaupata wangu.

"Washa, mama," akasema. "Hujamaliza."